TestDisk 7.2: jedwali la patisheni likipotea kwenye Linux

Mtu akifuta patisheni (kipande cha diski) kimakosa kwa fdisk au GParted, programu za kugawa diski, kwa kawaida faili zake bado zipo. Kilichopotea ni jedwali, yaani sekta chache zinazoonyesha kila patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi. TestDisk ya Christophe Grenier inazitafuta patisheni zilizopotea na kuliandika jedwali hilo upya, na kwa kazi hiyo sijaona programu ya bure inayoishinda. Ni programu huria. Inawekwa kwa `sudo apt install testdisk`, au unaikuta tayari ndani ya SystemRescue, Linux ya uokoaji ambayo unaiwashia kompyuta kutoka kwenye flashi.

Usikimbilie kuifungua. Kama kompyuta bado inawaka, usiizime, kwa sababu mara nyingi keneli (kiini cha Linux) bado inatumia jedwali la zamani. Soma `cat /sys/block/sda/sda2/start`, kisha `size` kwenye folda hiyo hiyo; hapa `sda` ni diski na `sda2` ni patisheni yake ya pili. Hizo ni namba kamili, kwa sekta za baiti 512. Ukiwa nazo, unda patisheni upya kwa fdisk kwa mwanzo ule ule na ukubwa ule ule. fdisk ikikuuliza kama iondoe saini ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) iliyoikuta hapo, jibu hapana. TestDisk hutaihitaji tena.

Namba hizo zikikosekana, ndipo zamu ya TestDisk inafika. Ndani yake chagua Create, diski, kisha aina ya jedwali: EFI GPT (ya kisasa) au Intel (MBR ya zamani). Mara nyingi inaitambua yenyewe, ila hakikisha, maana aina ikikosewa matokeo yote yanavurugika. Endelea na Analyse, halafu Quick Search. Patisheni zikitokea, simama juu ya mojawapo ubonyeze P. Ukiona `etc`, `home` na `usr` kwa majina yanayosomeka, hiyo ndiyo yenyewe. Hapa ndipo programu hii inanifurahisha zaidi: inakuonyesha yaliyomo kabla haijagusa chochote.

Deeper Search, utafutaji wa kina wa kutumia Quick Search isipotosha, ni habari nyingine. Kwenye diski kubwa inachukua saa nyingi, na inaibua mabaki ya mifumo iliyowahi kuwekwa miaka iliyopita, pamoja na patisheni hewa zinazotokana na nakala za superblock ya ext4, yaani rekodi kuu ya mfumo wa faili. Zinapandana, na chini unaandikiwa "Structure: Bad". Kwa mishale ya kushoto na kulia, zile usizozitaka zipe D (iliyofutwa) mpaka isomeke Ok. Kisha Enter, Write, Y, na uwashe upya.

Kasoro kubwa ni kwamba baada ya Write huna kitufe cha kurudi nyuma. Hifadhi kwanza jedwali lililopo kwa `sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt`, kwenye flashi na si kwenye diski hiyo hiyo. Kama diski yenyewe inakwaruza au inasoma kwa kusuasua, itoe nakala kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kisha endesha TestDisk juu ya nakala hiyo.

Usiitegemee kurudisha faili moja moja zilizofutwa ndani ya ext4, hilo haliwezi. Patisheni ya LUKS (iliyosimbwa) inaitambua, lakini kichwa chake, chenye funguo, kikiharibika na hukuwa na nakala, data haifunguki tena. Na aliyeendesha `mkfs.ext4`, amri ya kufomati, kwenye SSD ana hali ngumu, kwa kuwa amri hiyo kwa kawaida huiambia diski itupe yaliyokuwemo.

Patisheni ikirudi ila ikagoma kumauntiwa (kuunganishwa ili isomeke), jaribu superblock ya akiba: `fsck.ext4 -b 32768 -B 4096 /dev/sda2`. Mfumo usipowaka, mara nyingi ni namba za patisheni zimebadilika. UUID, yaani kitambulisho cha mfumo wa faili, hubaki ile ile, hivyo `/etc/fstab` (orodha ya patisheni za kumaunti) inayotumia UUID haina tatizo. Linganisha PARTUUID, kitambulisho cha patisheni, kwa `blkid` na iliyoandikwa humo, maunti mfumo kwenye `/mnt` pamoja na `dev`, `proc` na `sys`, ingia humo kwa chroot, kisha weka upya GRUB, programu inayowasha mfumo, kwa `grub-install` na `update-grub`. Kwa kompyuta ya UEFI, kabla ya `grub-install` maunti kwanza patisheni ya EFI kwenye `/boot/efi`.