Lenzi ya Sonara na Bakuli la Chenji: Dosari ya Kiwandani au Kovu la Mtaani?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Mezani leo nina bakuli la chenji niliyorudishiwa na makonda wa matatu mwezi mzima, na hii lenzi ndogo ya kukunja, kama zile za masonara. Wengi mmeniuliza kama inafaa kununua kwa kazi ya kusaka sarafu zilizotoka kiwandani na dosari. Jibu nitawapa, ila kwanza tuione ikifanya kazi.

Tazameni hii shilingi moja ya Kenya, ile ya twiga, ya ule mfululizo wa 2018. Naisogeza karibu na kamera. Mnauona huu mstari unaotoka ukingoni kuja mpaka shingoni mwa twiga? Kwa macho matupu ungesema ni mkwaruzo. Sasa naweka lenzi, na tochi ya simu nailaza ubavuni, isimulike kutoka juu. Haya, angalieni kivuli. Mstari umetuna! Mkwaruzo hula chuma, huu umeongeza chuma.

Sarafu hugongwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na mihuri hiyo hugonga sarafu nyingi mno hadi inachoka na kupasuka. Muhuri ukishapata ufa, chuma kinachobanwa hujipenyeza humo, nawe unapata mstari kama huu. Ndiyo maana mimi hushika neno moja: kilichotuna ni cha kiwandani, kilichochimbika ni cha mtaani. Mara chache hukosea. Mkwaruzo mzito husukuma chuma kikatuna kandokando, kwa hiyo tafuteni mfereji wake. Na herufi iliyofifia peke yake, wenzake wakiwa wamesimama wima, huenda muhuri ulizibwa na grisi pale.

Sasa hapa nawaomba tulieni, maana hapa ndipo watu wanaliwa pesa zao. Hii ni shilingi kumi ya simba. Ina pete ya nje na kiini cha ndani, metali mbili. Geuzeni kama ukurasa wa kitabu: sarafu zetu pande zote mbili husimama wima. Hii nikiishika maandishi ya pete yakiwa wima, simba amelala upande, na nikiigeuza nembo ya taifa nayo imelala. Niliuziwa kama muhuri uliozunguka, na nililipa bei ya maana.

Lakini fikirini pamoja nami. Muhuri mmoja hugonga pete na kiini kwa pigo lilelile. Muhuri ukizunguka, kiini na maandishi ya pete lazima vizunguke pamoja. Hapa maandishi ya pete yamekaa sawasawa mbele na nyuma, kiini peke yake ndicho kimegeuka. Sogezeni lenzi pale pete inapokutana na kiini: mnaona vile vijikwaruzo vipya vinavyong'aa? Kiini kimetolewa kwa nyundo kikarudishwa. Iliniuma sana, na sitaki mtu yeyote anayenitazama alipe karo hiyo mara ya pili.

Mkato wa ukingoni nao una siri yake. Sarafu ikiwa imemegwa kama mwezi mchanga, nenda upande ulio mkabala kabisa na pale palipomegwa. Kama kile kipande cha chuma cha kutengenezea sarafu kilikatwa vibaya kabla ya kugongwa, mara nyingi ukingo wa upande ule huwa umefifia, kwa sababu haukubanwa sawasawa. Kama ukingo umesimama imara, shuku kwamba fundi aliimega kwa tupa.

Haya, lenzi yenyewe. Imeandikwa kwamba inakuza mara 30. Niliiweka sambamba na ya sonara mmoja inayokuza mara 10, na herufi zilionekana ukubwa uleule. Kwa hiyo hiyo 30 msiilipie. Kioo chake ni safi katikati, pembeni taswira inapinda kidogo. Kijitaa chake sikipendi, kinamulika kutoka juu na kukufutia vivuli unavyovihitaji; kizimeni, tumieni tochi. Kwa mtu anayeanza, mimi nasema nunua, mradi umeilipia bei ya lenzi ya mara 10.

Na ninyi mlioko Uingereza, kuna moja haihitaji lenzi kabisa. Mwaka 2008, sarafu zilipobadilishwa sura, mwaka kwenye peni 20 ulihamishwa kutoka upande wa nyuma kuja upande wa malkia. Baadhi ya peni 20 zikagongwa kwa muhuri wa zamani wa malkia na muhuri mpya wa nyuma, zikatoka bila mwaka popote. Zitazameni pande zote mbili kabla ya kuzitumia.

Jambo la mwisho nawasihi: ukipata yenye dosari, usiisugue. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Ukishaisugua umeufuta ule uso iliotoka nao kiwandani, na wakusanyaji wanaujua kwa mtazamo mmoja. Hii ya twiga naishika ukingoni hivi, naitia kwenye bahasha ya karatasi, naandika tarehe niliyoipata. Ya simba itabaki hapa mezani, niwe nawaonyesha.