ChiloBase: daftari la majina ya tandu, nililolipima kwa tandu mmoja wa manjano

Huduma ninayoizungumzia hapa haiuzwi, haitangazwi popote, na watu wengi hawatawahi kuihitaji. ChiloBase ni orodha ya tandu wa dunia nzima, inayosomwa bure mtandaoni. Ilianza kuonekana mwaka 2006, na toleo la pili, ambalo ndilo ninalolitumia, ni la mwaka 2016. Makao yake ni Chuo Kikuu cha Padova nchini Italia, na miongoni mwa wahariri wake wamo Alessandro Minelli na Lucio Bonato, watu ambao majina yao hayakwepeki kwa yeyote anayesoma habari za tandu wa udongoni. Nimeitumia kwa miezi kadhaa sasa, na kilichonifikisha huko ni tandu mmoja aliyekuwa na majina matatu.

Ninaishi Uingereza, ambako nimekodi kishamba kidogo cha mboga, na kila Jumamosi ninafundisha Kiswahili watoto wa Kiafrika Mashariki waliozaliwa huku. Mwezi Machi niliwachukua shambani ili wajifunze majina ya viumbe vya ardhini kwa kuviona badala ya kuvisoma. Uma wa kulimia uliinua bonge la udongo, na ndani yake akatokea mnyama mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, urefu wake kama sentimita nne, mwili wa manjano na kichwa cha rangi ya kutu, akijipenyeza kwenye ufa kwa utulivu usiofanana hata kidogo na mbio za tandu wakubwa tuliowazoea nyumbani.

"Mwalimu, huyu ni jongoo?" akauliza mmoja.

Nikamweleza kwamba jongoo ana jozi mbili za miguu katika pingili nyingi za mwili wake, ilhali huyu ana jozi moja tu kwa kila pingili, kwa hiyo ni tandu. Dada yake, ambaye haridhiki upesi, akauliza, "Tandu gani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kitabu cha bustani nilichonunua kwenye duka la mitumba kilimwita Necrophloeophagus longicornis. Orodha nyingine ya zamani ilimwita Geophilus longicornis. Makala mpya zaidi ilimwita Geophilus flavus. Programu ya simu inayotambua viumbe kwa picha, ambayo sitaitaja jina, ilisema kwa uhakika mkubwa kwamba huyu ni Lithobius, yaani tandu wa chini ya mawe, ambaye akikomaa ana jozi 15 za miguu. Wetu alikuwa na zaidi ya mara tatu ya hizo.

ChiloBase imejengwa kwa ajili ya tatizo la namna hii. Unaandika jina lolote ulilokutana nalo, liwe jipya au la zamani, nayo inakupeleka kwenye jina linalokubalika leo, pamoja na mwandishi wa kwanza, mwaka, majina mengine yaliyowahi kutumika kwa mnyama huyohuyo, machapisho yanayohusika na nchi anakopatikana. Ukurasa wa tandu wetu una kichwa hiki: Geophilus flavus (De Geer, 1778). Msomaji wa haraka ataona jina na mwaka, ataondoka. Mimi nilikaa na mstari huo jioni nzima, kwa kuwa kila alama ndani yake, hata mabano, ina kazi.

Charles De Geer alikuwa Msweden, na maelezo ya tandu huyu yamo katika juzuu la saba la kazi yake kubwa juu ya wadudu, lililotoka mwaka 1778, mwaka uleule aliofariki. Yeye hakumwita Geophilus, kwa sababu jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu ambalo ndilo neno la kwanza la jina, haikuwapo. Alimwita Scolopendra flava, kwa kuwa tangu Linnaeus, Msweden mwenzake aliyeweka mfumo wa majina ya viumbe, alipochapisha toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae mwaka 1758, ambalo ndilo mwanzo rasmi wa majina ya wanyama, tandu wa kila namna walirundikwa ndani ya Scolopendra. Mwaka 1814 Mwingereza William Elford Leach aliwatoa wale wembamba wa udongoni akawapa jenasi yao, Geophilus, neno la Kigiriki lenye maana ya apendaye ardhi. Mabano yanayozunguka jina la De Geer yanatueleza habari hiyo: mtu huyu ndiye aliyeibatiza spishi, lakini aliiweka katika jenasi nyingine. Bila mabano, maana yake ni kwamba jenasi haijabadilika tangu siku ya kwanza, kama ilivyo kwa Geophilus carpophagus Leach, 1815.

Na kwa nini flava imegeuka kuwa flavus? Hapa msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Flava ni kivumishi, maana yake ya manjano, na katika Kilatini kivumishi hufuata jinsia ya nomino kama chetu kinavyofuata ngeli. Scolopendra ni ya kike, Geophilus ni ya kiume, kwa hiyo mnyama alipohamishwa jenasi mwisho wa kivumishi nao ulihama, sawasawa na "kitabu kizuri" kinavyokuwa "daftari zuri". Watoto walilielewa jambo hili mara moja. (Katika biolojia tunayofundisha kwa Kiswahili, neno "ngeli" ndilo pia jina la daraja lililo kati ya faila na oda, na hivyo tandu wote wamo katika ngeli ya Chilopoda. Sikuwaambia hilo siku hiyo. Wangechanganyikiwa.)

Majina mengine mawili yameandikwa chini ya ukurasa huo kama visawe, na mpangilio wa miaka ndio unaoeleza yalivyoanguka. Leach, bila shaka akivutiwa na vipapasio virefu vya mnyama huyu, alimwita Geophilus longicornis mwaka 1815, lakini De Geer alikuwa amemtangulia kwa miaka 37, na kanuni ya majina ya wanyama humpa haki aliyetangulia. George Newport naye, katika miaka ya 1840, alimtengea jenasi ya peke yake, Necrophloeophagus, ambayo wataalamu wa baadaye waliona haina sababu ya kusimama mbali na Geophilus, wakaifuta. Kitabu changu cha mitumba, kwa hiyo, hakikukosea. Kiliandikwa tu kabla mambo hayo hayajatulia.

Jina hilo la Newport lina kichekesho chake. Kwa Kigiriki linasema "mla magome yaliyokufa", na jina carpophagus, la jamaa yake wa karibu, linasema "mla matunda". Tandu wa udongoni ni wawindaji. Wana kucha za sumu nyuma ya kichwa, na chakula chao ni viumbe laini vinavyoishi ardhini. Kanuni za kimataifa zinasema wazi kwamba jina halikataliwi kwa sababu tu maana yake haimfai mnyama, kwa hiyo carpophagus ataendelea kuitwa mla matunda. Necrophloeophagus liliondoka kwa sababu ya uainishaji, si kwa sababu ya uongo wake.

Hadi hapa huduma hii ninaisifu bila kusita. Sasa nieleze isichokifanya, maana mtu anayeifungua akitarajia kazi hiyo atarudi mikono mitupu: ChiloBase haikuambii mnyama uliyenaye ni yupi. Haina ufunguo wa kutambulishia, wala haikuelekezi utazame nini mwilini. Inachukulia kwamba jina unalo tayari, na kazi yake ni kukueleza thamani ya jina hilo. Ni kama daftari la kabidhi wasii: litakwambia nani ndugu wa nani na nani alisajiliwa lini, lakini halitamtambua mgeni aliyesimama mlangoni.

Kwa hiyo kazi ya kumtambua ilibaki juu yangu. Nilimtia tandu kwenye spiriti, na siku ya pili nikamnyoosha kati ya vipande viwili vya kioo, maana akifa hujikunja kama chemchemi ya kalamu. Lenzi niliyoagiza mtandaoni ilidai kukuza mara 30 na haikufika hata nusu. Nikaiazima nyingine ya mara kumi kwa jirani, ya kizamani na nzito, ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwa pini nilihesabu miguu ya upande mmoja, kuanzia nyuma ya kucha za sumu hadi jozi ya mwisho, ambayo imeelekea nyuma na kurefuka kana kwamba ni vipapasio vya mkiani. Nilipata 50.

Jibu hilo lilitosha kunionyesha kwamba nimekosea. Tandu wa oda ya Geophilomorpha wana idadi ya jozi za miguu iliyo witiri, kuanzia 27 kwa wale wafupi kabisa hadi 191 kwa Gonibregmatus plurimipes wa Fiji, na shufwa haimo. Nikarudia, safari hii nikiweka alama ya kalamu kwenye kioo kila nilipofika mguu wa kumi, nikapata 51. Sijui kipimo kingine chochote cha jikoni ambacho humsahihisha mpimaji namna hiyo. Pamoja na hesabu hiyo, rangi, vipapasio virefu na jino kubwa lililo chini ya kila kucha ya sumu, nilikuwa na sababu za kutosha za kumwita Geophilus flavus, na sasa ule ukurasa wa ChiloBase ulikuwa na mtu wa kumhusu.

Jaribio langu la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo lilinionyesha mpaka wa orodha yoyote ya majina, hata iliyo bora. Kwa muda mrefu Waingereza walimwita Geophilus carpophagus mnyama ambaye kumbe walikuwa wawili: mmoja mwenye pingili nyingi zaidi, anayepatikana hata ndani ya majengo, na mwingine mwenye pingili chache zaidi. Mwaka 2001 Wallace Arthur na wenzake, Minelli akiwamo, walilinganisha idadi ya pingili na vimeng'enya vya mwili, wakaonyesha kwamba hizi ni spishi mbili, na ile ya pingili chache wakaiita Geophilus easoni, kwa heshima ya Edward Eason, aliyeandika kitabu cha tandu wa visiwa vya Uingereza mwaka 1964. ChiloBase inawaonyesha wote wawili, kila mmoja na mwaka wake. Lakini rekodi ya mtu aliyeandika "carpophagus" mwaka 1970 inaweza kuwa ya yeyote kati yao, na hakuna orodha itakayoitengua. Lazima ufungue chupa uhesabu upya. Anayetumia rekodi za zamani azitazame kwanza tarehe kabla hajazinukuu.

Kuhusu matumizi ya kila siku nina machache. Lugha ya huduma ni Kiingereza, na majina ni ya Kilatini. Sura yake ni kavu kama orodha ya bei ya vyuma, na mimi naiona hiyo ni sifa: hakuna matangazo, hakuna anayekutaka ujisajili ili usome. Kwa kuwa orodha inahusu zaidi ya spishi 3,000, ni vema kuingia ukiwa na jina la jenasi mkononi. Kutangatanga humo bila jina ni kujichosha. Nakiri nilitangatanga hata hivyo, na nilifurahi kukuta Geophilus persephones, aliyepewa jina mwaka 1999 kutoka pango la Ufaransa, akiwa katika jenasi moja na Geophilus hadesi wa mapango ya Kroatia, aliyeelezwa mwaka 2015 na ambaye mmoja wao alitolewa kina cha mita 1,100 chini ya ardhi. Katika hadithi za Wagiriki, Hades ni mfalme wa kuzimu na Persephone ni mkewe. Aliyewaozesha tandu hawa alikuwa na moyo wa ucheshi.

Nilimtafuta pia wa nyumbani. Utotoni Tanga, tulipofukua udongo wenye majimaji usiku, tulikuwa tukiona wakati mwingine tandu mwembamba akiacha mng'ao wa kijani kwenye vidole, na bibi alitukataza kugusa. Orphnaeus brevilabiatus (Newport, 1845), wa familia ya Oryidae, ni tandu wa udongoni anayetoa ute unaong'aa na ameenea katika nchi nyingi za joto. Angalieni mabano: naye pia alianza akiwa katika jenasi nyingine, Geophilus. Wetu wa Tanga hakuwekwa kwenye chupa, kwa hiyo jina hilo siwezi kumbandika.

Kwa mwalimu, mfasiri au mtunza bustani aliyeshika majina mawili asijue lipi limekufa, naipa ChiloBase nyota tano. Kwa anayetaka kujua alichokichimba asubuhi, naipa mbili, na namshauri aanze na lenzi nzuri, pini, na uvumilivu wa kuhesabu mara mbili.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka chupa darasani. Yule dada aliandika kikaratasi mwenyewe, kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka ndani ya spiriti: Geophilus flavus (De Geer, 1778), mahali, tarehe, jozi 51. Alisahau mabano, akafuta, akayaandika tena, kisha akakikunja na kukitumbukiza ndani pamoja na tandu.