Tovuti ya Kushiriki Faili Inayodai Programu Kwanza: Uzoefu Wangu kwa Simu

Huduma ninayoitathmini ni mojawapo ya zile zinazohifadhi faili na kumpa mwenyewe kiungo cha kuwatumia wengine. Kwenye kompyuta sina lawama nayo: unafungua kiungo, unaona jina la faili, ukubwa wake na kitufe cha kupakua, na kazi inaisha bila kudaiwa akaunti. Kiungo hichohicho nilipokifungua kwa simu, ukurasa mzima ulifunikwa na tangazo la kunitaka nisakinishe programu yao. Kitufe cha kupakua hakikuwepo, na maandishi hafifu ya kuendelea kwa kivinjari, yaliyofichwa chini kabisa, yalinirudisha kwenye tangazo lilelile kila nilipoyagusa.

Tangazo hilo linadai kwamba faili haiwezi kupakuliwa kwa simu bila programu, na dai hilo si kweli. Kila kivinjari kinapoomba ukurasa hujitambulisha kwa seva kwa mstari mfupi wa maandishi unaotaja aina yake na mfumo wa kifaa, na seva ikishausoma ndiyo inayoamua impe mgeni ukurasa upi. Nilifungua menyu ya kivinjari, nikachagua tovuti ionyeshwe kama kwenye kompyuta, na ukurasa ulipofunguka upya kitufe kilikuwepo. Hati ya PDF niliyotumiwa ikashuka yote bila tatizo. Simu ilikuwa ileile na mtandao uleule. Hapo ndipo nilipoudhika kweli, kwa sababu kizuizi kimewekwa kwa makusudi dhidi ya mtu ambaye hakuichagua huduma hii, bali ametumiwa tu kiungo na mwenzake.

Kuna hali ambazo programu husaidia. Faili kubwa sana huhitaji kuendelea kushuka hata skrini ikizimwa, na huduma zinazofumbua usimbaji (ufichaji wa faili kwa siri ili wengine wasiisome) ndani ya kivinjari huweza kuielemea kumbukumbu ya simu. Hati ya kurasa chache haimo katika hali hizo, na kuisakinishia programu nzito kuliko yenyewe, ambayo baadaye itaomba ruhusa ya kutuma arifa na kusoma picha zangu, ni kudai kupita kiasi. (Tovuti nyingine hukuletea faili ya APK, yaani faili ya kusakinisha programu ya Android, moja kwa moja badala ya kukupeleka kwenye duka la programu, hiyo naikataa kabisa, na ndiyo maana Android, tangu toleo la 8, humtaka mtumiaji aidhinishe kwanza kila chanzo cha nje.)

Sidhani pia kwamba mbinu hii inawafaidi wenye tovuti kama wanavyotarajia. Mwaka 2015 Google ilichapisha matokeo ya jaribio kwenye Google+, mtandao wake wa kijamii wa wakati huo: tangazo la namna hii lilipofunika ukurasa, ni asilimia 9 tu ya ziara zilizoishia kwa kubonyeza kitufe cha kupata programu, ilhali asilimia 69 ziliishia kwa watu kuondoka bila kwenda dukani wala kuendelea na tovuti. Walipoliondoa na kuweka ukanda mdogo, watumiaji wa kila siku wa tovuti ya simu waliongezeka kwa asilimia 17. Mwaka huohuo Google ikatangaza kwamba kurasa zinazofunikwa hivyo hazitahesabiwa tena kuwa zinafaa kwa simu katika utafutaji wake.

Kwa anayepakia faili kutoka kwenye kompyuta naipa huduma hii nyota nne. Kwa anayepokea kwa simu, nyota moja. Anayetaka kuitumia akifungue kwanza kiungo chake kwa simu ambayo haina programu hiyo, aone atakachokutana nacho mpokeaji. Nami nimewaandikia wahusika nikiomba kitufe cha kupakua kirudishwe juu ya ukurasa, na tangazo la programu lisiwe zaidi ya ukanda mwembamba unaofungika kwa mguso mmoja.