Mafundi waliotukazia viungo vya kenchi za ukumbi, nyota 4

Wakuu, naleta mrejesho wa mafundi waliotuimarishia kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) za ukumbi wa kanisa. Upana ni mita 14 ukuta kwa ukuta, hakuna nguzo katikati, mbao 2x6 za paini kutoka Mafinga, zile za dawa. Fundi wa kwanza (simtaji) alipigilia kila kitu misumari ya inchi nne, na mbao ya chini ilipokuwa fupi akaunga vipande viwili kwa kibao kimoja cha pembeni, basi. Misimu miwili ya mvua dari ikabonyea katikati, ikafika mahali watu wanachagua pa kukaa ibadani hahaha.

Nilijua tutaambiwa mbao nyembamba, ezueni bati lote. Hawa wakapanda na tochi karibu nusu siku, wakashuka wanasema mbao ziko poa, ugonjwa upo zinapokutana. Ile ya chini inavutwa huku na huku muda wote sababu ya uzito wa paa, sasa pale kwenye kiungo misumari imelegea na mbao imepasuka kufuata nyuzi zake.

Nilichowapendea, hawakugusa kiungo hata kimoja kabla ya kusimamisha mirunda na jeki na kunyanyua kenchi taratibu, maana ukikaza bolti ikiwa imeshabonyea umeifunga na ulemavu wake. Halafu bamba za chuma pande zote mbili, bolti za milimita 12, matundu yote kwa drili, na walikuwa wakali kweli kuhusu bolti kukaa mbali na ncha ya mbao, kama sentimita 9 hivi, ikiwa karibu zaidi mbao ikivutwa inachanika na bolti inatoka nje kama kisu kwenye papai. Kwenye viungo vya juu visivyo na bamba waliweka washa pana, paini ni laini, washa ndogo inazama nati ikikazwa.

Sasa malalamiko. Walikuja na bolti za chuma kitupu wakati mbao zina dawa ya shaba, ambayo inakula chuma hicho haraka. Tulibishana asubuhi nzima ndo wakakubali za gavanaizi, na tofauti ya bei tukalipa sisi. La pili ndo linaniuma zaidi, vipande vipya walivyobadilisha vilikuwa bado vibichi, na mbao ikikauka inasinyaa bolti inabaki imelegea, wenyewe walitueleza hivyo na wakaahidi kurudi baada ya miezi 6 kukaza. Huu ni mwezi wa nane tangu wamalize, simu inaita tu.

Juzi nimepanda mwenyewe na spana namba 19. Dari imenyooka safi, ila nati nne nimezizungusha kwa vidole.