Wanjikũ aliyegeuka WanjikÅ?: uzoefu wangu na programu kuukuu ya meseji

Mwalimu alinipigia Jumamosi saa mbili asubuhi, chai yangu bado ya moto. Hakunisalimu.

"Katibu, mwanangu, huyu Wanjik mwenye A ya duara kichwani ni nani? Na hiyo alama ya kuuliza mwishoni, mnaniuliza nini?"

Amefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30 na sasa ni shosho wa watu wengi, lakini jina likikosewa bado ni daftari la kurudishwa likasahihishwe. Nikafungua meseji tuliyotuma usiku uliopita. Kweli, alikuwa ameitwa WanjikÅ?. Na hakuwa peke yake.

Niwaeleze kwanza tunachotumia. Mimi ni katibu wa chama cha kusaidiana hapa Kahawa West, Nairobi. Tuko wanachama 214, wengi asili yao Murang'a na Kiambu, wachache Machakos na Kitui. Habari za michango, misiba na mikutano tunazituma kwa meseji, maana si kila mwanachama ana simu ya WhatsApp na si kila mwenye nayo ana bando. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya mezani ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014 na sisi hatukuacha, pamoja na modemu ya USB yenye laini ndani na programu iliyonunuliwa kwa CD kabla sijawa katibu. Jina la programu naliacha, kwa sababu aliyetuuzia bado yuko mjini na lawama, kama mtakavyoona, si yake yote.

Kwa mambo ya kawaida sina malalamiko. Inafunguka haraka, haidai intaneti, haidai malipo ya kila mwezi, inatuma meseji moja moja mpaka orodha iishe, na stima ikipotea katikati inakumbuka iliishia nani. Kwa miaka yote hiyo orodha yetu ilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi za kawaida: Wanjiku, Githunguri, Muranga bila hata ritifaa. Shida ilianza tulipompa kijana mmoja wa chama kazi ya kuandika orodha upya. Kijana ana bidii. Aliyaandika majina ipasavyo, ĩ na ũ zikiwa na viwimbi vyake, akatutumia faili ya CSV, yaani orodha iliyohifadhiwa kama maandishi matupu. Wakamba wetu nao walifurahi, kwa sababu Kikamba kina ĩ na ũ vilevile.

Tulipoiingiza, skrini ilijaa vituko. Wanjikũ akawa WanjikÅ©. Gĩthũngũri ikawa GÄ©thÅ©ngÅ©ri. Mũrang’a ikawa MÅ©rangâ€™a, jina ambalo hata mwenyeji wa huko hawezi kulitamka bila kukohoa.

Fundi wa kwanza yuko ghorofani karibu na Luthuli Avenue. Alitazama skrini kwa muda wa kumeza mate, akasema "hiyo ni fonti", akachukua shilingi 1,500, akatupakia fonti nyingi hivi kwamba Word ilianza kufunguka kwa kujikokota. WanjikÅ© akabaki vilevile, isipokuwa sasa tungeweza kumwandika kwa mwandiko wa kadi ya harusi. Wa pili hakugusa hata kibodi. Alituambia tutupe kila kitu tujiunge na huduma yake ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi. Mweka hazina alinitazama, nami nikamwelewa.

Ningejua ninachojua leo, ningemzuia fundi kabla hajafungua mkoba. Fonti ikikosa herufi, kwa kawaida inaonyesha kimraba kitupu. Sisi hatukuwa na vimraba. Tulikuwa na herufi nzimanzima, zimechorwa vizuri, ila si zetu. Tena Arial na Tahoma, zinazokuja na XP yenyewe, zina ĩ na ũ ndani yake.

Jumapili jioni nilikaa na kalamu na karatasi. Kushoto nikaandika jina sahihi, kulia nikaandika lilivyotoka. Baada ya majina kumi hivi nikaona kitu: ũ hutoka Å© kila mara, ĩ hutoka Ä© kila mara, na ritifaa iliyopinda hutoka â€™. Hakuna hata mara moja zilibadilishana. Kitu kinachoharibika ovyo hakina utaratibu wa namna hiyo. Hapa palikuwa na mtu anayetafsiri kwa uaminifu kabisa, lakini kwa kamusi isiyo yetu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Katika Unicode, jedwali la kimataifa linalopa kila herufi namba yake, ũ ni namba 0169 na ĩ ni 0129, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambayo hutumia pia A hadi F kama tarakimu. Faili ya kijana ilihifadhiwa kwa UTF-8, aina ya usimbaji (njia ya kugeuza herufi kuwa namba) ambayo huigawa kila moja ya herufi hizo kwenye baiti mbili, kila baiti ikiwa biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1: ũ ni C5 na A9, ĩ ni C4 na A9. Programu yetu, ambayo ujana wake ulikuwa enzi nyingine, iliisoma faili ile kwa jedwali la zamani la Windows-1252, ambalo kwake kila baiti ni herufi kamili. C5 ni Å. C4 ni Ä. A9 ni ©, ile alama ya hakimiliki. Ndiyo maana © iliwafuata Wanjikũ na Gĩthũngũri wote wawili. Ritifaa iliyopinda yenyewe huchukua baiti tatu, kwa hiyo inaacha vidudu vitatu.

Dawa ilikuwa ndani ya programu hiyohiyo. Kwenye dirisha la kuingiza orodha, chini kabisa, kuna kisanduku cha kuchagua usimbaji ambacho nadhani hakuna katibu aliyewahi kukigusa. Kilikuwa kimekaa kwenye herufi za Ulaya Magharibi. Nikachagua UTF-8, nikaingiza orodha upya, na Wanjikũ akarudi nyumbani. Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Majina 31 yaligoma, hata hivyo. Yalikuwa yamezidi kuharibika: badala ya Å© yalikuwa na Ã…Â©. Hilo lilinichukua muda kulifumbua. Kumbe mimi mwenyewe, katika kuhangaika, nilikuwa nimenakili sehemu ya orodha iliyokwisha kuharibika, nikaihifadhi tena kama UTF-8 na kuiingiza kabla sijagusa kile kisanduku. Yaani kosa lilisimbwa, likasomwa vibaya mara ya pili. Nikayarekebisha kwa tafuta-na-badilisha, Ã…Â© kuwa ũ na Ã„Â© kuwa ĩ. Ukikuta orodha yako ina vidudu vya namna hiyo, usisumbuke na programu. Mtafute aliyeihifadhi mara ya mwisho, na anza kumtafuta kwenye kioo.

Nikatuma meseji ya majaribio kwa simu yangu, nikiwa tayari kumpigia Mwalimu. Ikaingia: "Habari Wanjik?".

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa na majeraha mawili, na moja lilikuwa limejificha nyuma ya jingine. Rudini kwenye ile simu ya Jumamosi. Skrini yetu ilisema WanjikÅ©, simu ya Mwalimu ilisema WanjikÅ?. Kwa nini Å ilifika salama na © ikafa njiani? Jibu ni kwamba meseji ya kawaida ina jedwali lake dogo, herufi za biti 7, lililowekwa pamoja na GSM, kiwango cha simu za mkononi kilichoanzia Ulaya. Å na Ä za watu wa Skandinavia zimo. Ñ ya Kihispania imo. Herufi kubwa za Kigiriki zimo, Δ na Ω na wenzao. © haimo, ĩ na ũ hazimo. Wagiriki wana viti, sisi wa Mlimani tumesimama. Na programu yetu, kwa mipangilio ilivyokuwa, ilipokutana na herufi isiyo na kiti iliweka alama ya kuuliza ikaendelea na safari.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu yeyote, linganisha jina sehemu tatu: kwenye faili, kwenye skrini ya programu, na kwenye simu ya anayepokea. Linapobadilikia ndipo penye shida. Mimi nilikuwa natazama skrini tu.

Kwenye mipangilio ya kutuma kuna machaguo matatu: biti 7, Unicode, na otomatiki. Niliweka otomatiki, na Wanjikũ akafika kwenye simu yangu akiwa mzima, kiwimbi na vyote. Siku mbili nilitembea kifua mbele.

Siku ya tatu bando ya meseji ikakwisha katikati ya orodha.

Sehemu hii isomwe polepole na kila mweka hazina. Meseji moja hubeba baiti 140, basi. Ukitumia herufi za biti 7, unaingiza 160. Ukiweka hata herufi moja isiyo kwenye lile jedwali dogo, meseji nzima inahamia kwenye herufi za biti 16, na sasa zinaingia 70 tu. Ikizidi hapo inakatwa vipande, na kila kipande kinapunguzwa ili kibebe maelezo ya kuunganishwa: 153 kwa biti 7, 67 kwa biti 16. Meseji yetu ya kukumbusha mchango ina herufi 150 hivi. Kabla, ilikuwa meseji moja. Na ũ moja ndani yake, ni vipande vitatu. Zidisha kwa wanachama 214: badala ya meseji 214 unalipia 642. Kwa kiwimbi!

Lakini kilichonikera zaidi ni tangazo la Jumatatu, ambalo halikuwa na ĩ wala ũ hata moja. Lilikuwa la Kiswahili kitupu, kuhusu mazishi ya mzee mmoja wa jina Ng’ang’a na ng’ombe aliyetolewa na familia. Nalo likakatwa vipande vitatu. Nililisoma mara sita bila kuona kitu. Mara ya saba nikakaribia skrini mpaka pua ikagusa kioo, nikaona ritifaa ilikuwa imepinda. Niliandika tangazo kwenye Word, na Word ina tabia ya kuipinda ritifaa iwe ya kupendeza. Ritifaa iliyonyooka ('), ile iliyo kwenye kibodi, imo kwenye jedwali la simu. Iliyopinda (’) haimo. Sisi ambao lugha yetu haiwezi kuandika ng'ambo, ng'ara wala ng'oa bila ritifaa, tunalipa ushuru huo bila kujua. Siku hizi naandika matangazo kwenye Notepad. Ukilazimika kutumia Word, bonyeza Ctrl na Z mara tu inapoipinda, itanyooka. Na kwa wanaotaka kuandika ũ humo Word bila kibodi maalum: andika 0169 kisha bonyeza Alt na X. Kwa ĩ ni 0129.

Tulijadili kwenye kamati. Kuna waliosema turudie majina matupu, tuokoe pesa. Mimi nilikataa kwa upande mmoja na kukubali kwa upande mwingine. Vikumbusho vya michango sasa vinaenda bila majina na kwa ritifaa iliyonyooka, meseji moja kwa mtu. Rambirambi na pongezi zinaenda na jina lilivyo, lakini nazifupisha zisizidi herufi 70. Inawezekana. "Pole sana Wanjikũ. Chama kiko nawe. Tutakuja Ijumaa." Haikupungukiwa na kitu.

Mwalimu je? Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, ya miaka mingi, na hiyo ndiyo iliyokuwa na ugonjwa wa fonti kweli: ũ ilimfikia kama kimraba. Hilo halitibiki kutoka kwetu. Nimeongeza safu kwenye orodha, "simu ya zamani", na wenye alama hapo, 19 kwa jumla, wanatumiwa jina bila viwimbi. Nilienda kumweleza mwenyewe nyumbani kwake, nikamchorea kwenye daftari lile jedwali la Wagiriki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaongeza viwimbi mahali nilipovisahau kwenye jina la kijiji chake.

Programu naipa nyota nne. Haikuwa mbovu, ilikuwa haijaambiwa. Ya tano naizuia kwa sababu moja: wanachama wakijibu "Nĩ wega" (asante kwa Kikuyu), skrini inaonyesha vizuri, lakini ukitoa ripoti ya majibu ili uichapishe inaandika "N? wega", na kwenye dirisha la ripoti hakuna kisanduku cha kuchagua usimbaji. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nachukua kalamu nyekundu na kuzirekebisha kwa mkono kabla ya mkutano.