Nilivyoiongezea diski mashine pepe yangu kwa VirtualBox na GParted

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Debian yangu (aina ya Linux) ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya kompyuta yako, ilikuwa imeshafikisha miaka miwili, na jembe nililoipa ni hifadhidata ya majaribio iliyokula diski yote. `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, ikasoma 100% ya GB 20, hata `apt`, ya kusakinisha programu, ikagoma.

Kukuza diski yenyewe ni amri moja tu, mashine ikiwa imezimwa kabisa:

`VBoxManage modifymedium disk debian.vdi --resize 51200`

Hizo ni megabaiti, yaani GB 50. Nikawasha, nikaandika `lsblk` kuona ukubwa wa diski: GB 20 vilevile! Kosa lilikuwa langu. Kulikuwa na snapshoti (kumbukumbu ya hali ya mashine unayoweza kuirudia) ya zamani niliyoisahau, na ukishapiga snapshoti mashine haiandiki tena kwenye faili la msingi; inaandika kwenye faili la pembeni, ambalo ukubwa wake haukuguswa. Nikatoa nakala kamili ya mashine katika hali yake ya sasa, bila snapshoti, nikakuza diski ya hiyo nakala. Ile ya zamani ikabaki kuwa bekapu, kitu ambacho kusema kweli ningeanza nacho.

Ndipo ikaja zamu ya GParted Live, programu ya kugawa diski inayowaka yenyewe bila kusakinishwa. Unapakua ISO (faili lililo kama CD nzima), unaichomeka kwenye kiendeshi cha CD cha mashine pepe, unawashia hapo. Mchoro wake ulinionyesha tatizo papo hapo: sehemu ya diski iitwayo sda1 yenye mfumo, kisha sda2 iliyobeba sda5 ya swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), halafu GB 30 tupu mwisho kabisa. Swapu imejilaza katikati kama mtu aliyelala mlangoni. Unaweza kuisogeza, mimi niliifuta, nikaivuta sda1 kuelekea kulia, nikabakiza GB 2 za swapu mpya. Ninachokipenda ni kwamba hakuna kinachoguswa mpaka ubonyeze tiki ya kijani, kwa hiyo nilijaribu na kutengua mara tatu nikinywa chai. Laptopu ilikuwa na betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, utalia. Kwa kuwa data haikuhamishwa, haikufika hata dakika moja.

Kilichonitoa jasho ni kuwasha Debian. Iliganda kwenye mstari mmoja, ikihesabu sekunde moja moja hadi 90. Nikajua nimeiua. Kumbe ilikuwa inaisubiri swapu niliyoifuta: swapu mpya ina UUID (namba ya utambulisho) mpya. Ilipochoka kusubiri ikawaka bila swapu, nami nikachukua namba mpya kwa `blkid`, nikaiandika kwenye `/etc/fstab`, orodha ya sehemu za diski ambazo mfumo huzitumia, na kwenye `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, nikamalizia na `update-initramfs -u` ili mabadiliko yaingie kwenye faili za kuwashia mfumo.

Faili la VDI, yaani diski yenyewe ya mashine pepe, halikuruka kufika GB 50, maana hilo langu hunenepa kadiri linavyojazwa. Ila pima kabla ya kuandika namba, kwani amri ile inakuza tu, haipunguzi.

`df -h` sasa inasoma 42%. Nyota nne na nusu.