Lancaster ya Hamilton: nendeni mkautazame mlango wa nyuma

Mwaka wa sita huu nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo Malton, jirani na uwanja wa ndege wa Toronto. Kumbe hapo hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Victory Aircraft kiliunda ndege 430 za kudondosha mabomu aina ya Lancaster. Nimelijua hilo juzi tu, nilipompeleka mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, kwenye makumbusho ya Canadian Warplane Heritage kule Hamilton.

Mama hakutaka kwenda. "Umenitoa Tanga nije kuona mabomu?" Gari la kukodi nalo likatuvuruga asubuhi (kampuni siitaji, wanajijua), tukafika saa sita badala ya saa nne.

Ni banda kubwa pembeni mwa uwanja wa ndege, na baadhi ya ndege zilizomo bado zinaruka. Nyingi nilizipita haraka, wapenzi wa ndege mtanisamehe. Tulichofuata ni Lancaster, moja kati ya mbili tu duniani zinazoruka hadi leo; nyingine iko Uingereza. Bawa hadi bawa ni mita 31. Ukiiona kwa mbali unadhani ndani ni ukumbi. Ichungulie: nafasi imekwenda kwa mabomu, na watu saba wamesokomezwa kwenye vipembe vilivyobaki.

Ndege hii ni kumbukumbu ya Andrew Mynarski, kijana wa Winnipeg, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland, fundi wa manyoya kabla ya jeshi. Yeye alikaa kwenye kibanda cha bunduki cha mgongoni mwa ndege, na rafiki yake Pat Brophy kile cha mkiani. Mzee mmoja anayejitolea hapo alitusimulia taratibu, mimi namtafsiria mama.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, wiki moja baada ya majeshi ya Uingereza na washirika wake kutua pwani ya Normandy, walikwenda kupiga reli za Cambrai, Ufaransa. Ndege ya Kijerumani ikawavamia. Injini zote mbili za kushoto zikazimika, moto ukashika, rubani akaamuru watu waruke. Sasa, kibanda cha Brophy kilizungushwa kwa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba, na haidroliki ilitegemea injini. Kikakwama kimegeukia upande, kimlango chake hakielekei tena ndani ya ndege. Akajaribu kukizungusha kwa mkono, mpini ukakatika.

Hapa ndipo nawaomba msiende na maelezo ya ukutani peke yake. Zungukeni ubavu wa kulia, karibu na mkia, muutazame mlango wa kutokea. Mynarski alikuwa ameshaufikia. Kilichobaki ni kuruka. Akageuza shingo, akamwona mwenzake kwenye vioo.

Nilipima kwa miguu, huku nje, kutoka usawa wa mlango hadi kibanda cha mkiani: hatua sita, saba hivi. Kwangu mimi ni jikoni hadi sebuleni. Lakini kule ndani si njia ya kutembea, tumbo la ndege linasinyaa kuelekea mkiani, na usiku ule mafuta ya haidroliki yalikuwa yanawaka humo. Alipita kwa magoti. Akapiga kwa shoka, akavuta kwa mikono, na nguo zake zimeshika moto kuanzia kiunoni kwenda chini. Brophy akampungia aende zake. Akarudi kinyumenyume, uso kwa rafiki yake, akasimama mlangoni, akapiga saluti, akaruka na mwavuli unawaka.

Wafaransa walimpata akiwa hai, lakini moto ulikuwa umemmaliza. Alikufa akiwa na miaka 27, amezikwa Méharicourt, Ufaransa. Na Brophy? Ndege ilianguka naye ndani, ikamtupa nje, akapona! Wale watano wengine nao wakapona. Asingepona yeye, hakuna ambaye angeyajua ya pale mlangoni. Ushahidi wake ndio uliomletea Mynarski nishani ya Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa vitani, mwaka 1946.

Mzee alitaja pia hesabu ya jumla: katika vikosi vya mabomu vya Uingereza na washirika wake, kati ya askari wa ndegeni wapatao 125,000 walikufa 55,573. Mama hesabu hazikumshika. Aliuliza, "Na mamake?" Mzee akajibu kwamba nishani alikabidhiwa mamake, mjane. Mama akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi.

Kwa anayetaka kwenda: bila gari utahangaika, maana ni nje ya mji. Piga simu kwanza, kiangazi Lancaster hutoka kwenda kwenye maonyesho. Wanauza pia nafasi ya kuruka nayo, ila ni maelfu ya dola, sisi wa maghalani tutaitazama kutokea chini. Wazee wa kujitolea msiwapite, waulizeni. Mimi natoa nyota tano.

Wakati wa kurudi nilimwambia mama kwamba hata ndege aliyofia Mynarski iliundwa Malton. Akataka tupite. Tukazunguka na gari polepole, maghala na maegesho ya malori.

"Ni hapa?"

"Maeneo haya haya, mama."

Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa.